Kipande Changu na Kipande cha Waziri

Kuna mambo mawili ambayo sijawahi kukosea tangu nizaliwe: kusoma kipimo na kusema ukweli. Rula, mizani, saa ya ukutani, kipimajoto cha zahanati, niletee chochote chenye mistari na namba nitakusomea huku nimefumba jicho moja. Ukweli ndiyo usiseme. Kwangu unatoka wenyewe kama chafya. Nawaambia haya mapema ili mkifika mbele msianze kunitazama vibaya.

Niko mwaka wa kwanza, uhandisi wa mitambo. Darasani tuko sitini na wanne, na wanawake ni wanne. Mgeni akichungulia anaweza kudhani tumeingia kuuliza njia. Ovaroli tulizopewa zilishonwa kwa mabega ya wabeba magunia. Yangu nimeikunja miguuni mikunjo minne, na mfuko wa kifuani unanifika tumboni, kwa hiyo kalamu nikiitafuta ninaonekana kama mtu anayejikuna kitovu. Choo cha wanawake kiko ghorofa ya tatu, jengo la pili, ng'ambo ya uwanja. Waliojenga karakana yetu walipima kila kitu ila hilo. Ndiyo maana sisi wanne ni wakimbiaji hodari kuliko timu ya chuo, ingawa hakuna aliyewahi kutupigia makofi.

Wenzetu wawili wanafanyia kazi meza za mbele na hawana lao katika habari hii. Tuliobaki ni mimi na Nukta. Nukta ni mwenzangu wa chumba hosteli. Hilo jina nilimpa mimi kwa sababu ni mfupi na maneno anayotoa kwa siku yanaweza kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Yeye akalipiza kwa kuniita Redio. Chuo kizima kikaona jina limenikaa, na sasa hata karani wa mitihani ananiita hivyo.

Meza yetu imegusana mgongo kwa mgongo na meza ya Waziri. Si waziri wa chochote. Anatembea tu kama mtu ambaye nyuma yake kuna watu wawili wamembebea mkoba. Tangu wiki ya kwanza kazi yake imekuwa kutuonea huruma.

"Dada, hiyo tupa nzito. Nikusaidie?"

"Nisaidie kunyamaza."

"Mimi nakuonea huruma mikono yako."

"Ionee yako. Unashika tupa kama unapiga mswaki."

Tupa, kama hujawahi kuishika, ni lile bapa la chuma lenye meno madogomadogo ambalo linakula chuma kingine. Na kazi yetu ya muhula mzima ilikuwa hiyo tu. Kila mmoja alipewa kipande cha chuma kilichokatwa kwa msumeno, kibaya kama jino bovu. Unakibana kwenye jiliwa, unakisugua kwa tupa, kwa mkono, bila mashine, mpaka kila upande uwe milimita hamsini na pembe zote zisimame mraba. Ruhusa ya kukosea ni sehemu moja ya kumi ya milimita, juu au chini. Unywele wa kipilipili ukiuweka hapo umeshajaza nafasi.

Ubaya wa kazi hii ni kwamba ukinyoosha upande mmoja unapotosha wa pili. Unaufuata wa pili, wa tatu unalala. Unazunguka hivyo, na kipande kinapungua kama sabuni ya hosteli. Na chuma ulichokwisha kula hakuna gundi ya kukirudisha.

Aliyetusimamia tulimwita Milimita. Ni mzee mwembamba, mpole, hapigi kelele hata mashine zikinguruma. Ila neno "kidogo" mbele yake ni tusi. Mwanafunzi akimwambia kipande kimezidi kidogo, anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena, na anamsubiri mpaka mwenyewe aone aibu aende kupima.

Kanuni aliitangaza mwanzoni: atakayepita, likizo anakwenda na kikosi cha ujenzi wa daraja. Atakayefeli anabaki hapahapa karakana likizo nzima, yeye na kipande kipya.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Wiki ya tatu mama alinipigia simu.

"Nasikia kuna watu watapelekwa kwenye daraja. Wewe umo?"

"Mama, hilo nalo la kuuliza?"

"Nimeliuliza. Umo?"

"Nimo."

Wakati huo kipande changu kilikuwa na umbo la kiatu. Mama akamwambia mjomba. Mjomba akatoka siku hiyohiyo akaninunulia buti za kazi, zile zenye chuma vidoleni, akazifunga kwenye gazeti akazituma. Shangazi akawaambia wote, hata ambao hawakuuliza. Kwa hiyo nikawa na buti za darajani kabla ya kuwa na daraja.

Lakini tuache utani kwa mstari mmoja. Nililitaka lile daraja. Picha yake imebandikwa ofisi ya idara: nguzo mbili zimesimama katikati ya maji, zimenyoosheana mikono lakini hazijashikana. Zingeshikana likizo ile. Nilitaka niwepo, nione kwa macho yangu kama mahesabu tunayokaririshwa darasani yanakutana kweli huko juu.

Basi. Ijumaa ya mwisho ikafika. Saa nane mchana Milimita angeanza kupima, kipande kimoja kimoja, mbele ya wote, na kila kilichopimwa kingegongwa namba ya mwenyewe palepale. Kabla ya hapo vipande havikuwa na alama yoyote. Asubuhi yote karakana ilikuwa inalia kwa tupa. Mimi nilikuwa nimemaliza. Pembe zimesimama, niliziangalia kwenye mwanga wa dirisha, hakuna hata uzi wa mwanga uliopita. Kilichobaki ni kupima.

Kipimo chetu ni kalipa. Ina taya mbili kama mdomo wa ndege. Unakibana kipande kati ya taya halafu unasoma mistari. Kalipa zilikuwa chache na watu wengi, kila mmoja ameng'ang'ania yake. Nikaiona moja imelala peke yake kwenye rafu ya mwisho, hakuna anayeigombea. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikasema bahati yangu.

Nikabana. Nikasoma. Nikafumbua na lile jicho la pili.

Arobaini na tisa na nusu.

Nikabana upande mwingine. Arobaini na tisa na nusu. Wa tatu hivyohivyo. Nimekula nusu milimita nzima zaidi ya haki yangu. Moyo ukashuka mpaka kwenye soksi.

Ningeweza kuomba kalipa nyingine nihakikishe. Lakini iliyokuwa karibu alikuwa nayo Waziri, na kumwomba Waziri kalipa ya pili ni kumtangazia kwamba ya kwanza imekwambia neno baya. Alikuwa tayari ananichungulia.

"Vipi, dada? Kimekaa?"

"Kimekaa. Chako?"

"Changu?" Akakiinua juu kama kikombe cha ushindi. "Changu ukikiweka juu ya kioo hakipumui. Hamsini ya kuzaliwa nayo. Hata Milimita atakiomba akaweke sebuleni."

Mimi siamini mtu. Siamini utabiri wa mvua, siamini ratiba ya maji ya hosteli. Katika maisha yangu yote nimemwamini mwanamume mmoja, siku moja, na ilikuwa Ijumaa ile.

Saa saba kamili kengele ya chakula ikalia. Karakana ikamwagika mlangoni. Vipande vikaachwa juu ya meza, kila kimoja kimelazwa kwenye kitambaa chake. Mimi nikatoka na wenzangu mpaka katikati ya uwanja, nikajishika mfukoni, nikasema, "Nimesahau kalamu," nikarudi. Nikachungulia kushoto, nikachungulia kulia. Hapakuwa na mtu.

Tendo lenyewe lilichukua muda wa kumeza mate. Nilikwenda kwa utulivu, nikachukua cha Waziri nikakiweka kwangu, nikachukua changu nikakiweka kwake, nikanyoosha vitambaa, nikaondoka. Kimya, kwa heshima, kama mtu anayepanga vikombe. Sitaki mdhani nilifurahia. Wala nisingemfanyia hivyo mtu yeyote, ila Waziri nilijiambia likizo ya karakana itamfaa. Atapata muda mrefu wa kuonea watu huruma.

Saa nane tukajipanga. Milimita akakaa kwenye meza yake ya mbele, kalipa yake mwenyewe imefunguliwa juu ya kitambaa cheupe. Akaanza kuita namba. Huyu kapita. Huyu kapita. Huyu kabaki likizo, akaenda kukaa dirishani akiangalia nje kama aliyefiwa. Nukta akapita, akasema "Asante," na hilo likawa neno lake la pili tangu asubuhi.

Akaitwa Waziri.

Mwendo ulikuwa uleule wa kubebewa mkoba, lakini shingo ilikuwa imeloa jasho. Akakiweka kipande changu mezani. Milimita akabana, akasoma. Akageuza, akabana, akasoma. Mara sita, pande zote. Halafu akakiweka kwenye mwanga pamoja na kipimo cha pembe, akakaa navyo hapo kwa muda.

"Hamsini," akasema. "Kamili. Pande zote."

Neno "kamili" kwenye kinywa cha Milimita hakuna aliyewahi kulisikia. Wa mwaka wa pili walituambia halimo. Aliyeshangaa kuliko wote alikuwa Waziri. Alitoa macho, akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena kama samaki aliyeulizwa swali.

Na mimi? Mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani mzee kachoka, kasoma vibaya. Kipande nakijua, nimekipima mwenyewe.

Nikaitwa. Nikakiweka cha Waziri mezani kwa vidole viwili, kwa madaha. Milimita akabana. Akasoma. Akageuza. Akakiacha juu ya bapa la chuma, akakigusa na ncha ya kidole. Kikacheza, ka-ka, ka-ka, kama meza ya mgahawa.

"Upande huu arobaini na nane na sehemu mbili," akasema. "Huku arobaini na tisa. Kipande hiki hakijakubaliana chenyewe kwa chenyewe. Binti, hukupima?"

"Nilipima, mwalimu."

"Kwa kalipa ipi?"

Nikaenda kuileta. Akaipokea, hakubana kitu. Akazifunga tu taya, tupu, akanionyesha. Pale ambapo sifuri mbili zinatakiwa zitazamane, moja ilikuwa nyuma ya mwenzake.

"Hii ilianguka mwaka jana," akasema. "Inasoma pungufu. Nusu milimita. Siku ya kwanza niliwaambia: kabla hujapima kitu, funga taya, tazama sifuri. Nilirudia mara tatu."

Siku ya kwanza, wakati anarudia mara tatu, mimi nilikuwa namwigiza Waziri anavyotembea ili Nukta acheke.

Nikapiga hesabu palepale. Arobaini na tisa na nusu, ongeza nusu. Damu ikanipanda kichwani, na ule mdomo ulionipatia jina la Redio ukafunguka bila kuniuliza.

"Kumbe changu kilikuwa kizima!"

Milimita akavua miwani. "Chako kipi?"

Hapo mtu mwenye busara angefyata ulimi, akasema amechanganyikiwa, akaenda zake kukaa dirishani. Lakini niliziona buti za mjomba kwenye gazeti lake. Nikaona nguzo mbili zikishikana bila mimi. Na kile kipande kilikuwa changu! Wiki tisa za malengelenge, na anakwenda nacho darajani mtu anayeshika tupa kama mswaki.

"Hicho," nikasema, nikakinyooshea kidole mkononi mwa Waziri. "Hicho ni changu. Mwalimu, usikigeuze bado. Chini yake, karibu na kona, kuna mkwaruzo uliopinda kama kope. Tupa iliniteleza wiki ya sita."

Milimita akakichukua, akakigeuza. Akauangalia ule mkwaruzo. Akautazama uso wangu. Akamgeukia Waziri.

"Ni kweli upo."

"Mwalimu, mimi..." Waziri akaanza.

"Wewe kipande chako hukijui?"

"Nilikiona kimenyooka," akasema Waziri, na sauti yake yote ya uwaziri ikawa imekwenda mapumzikoni. "Nilishangaa, mwalimu. Lakini jana niliomba sana. Nikadhani nimejibiwa."

Karakana ikaangua kicheko. Milimita hakucheka.

"Vipande havitembei," akasema. "Kuna aliyevibadilisha. Kubadilisha kazi ya mwenzako siyo kufeli. Ni kutoka karakana hii na kurudia mwaka mzima. Nani?"

Watu sitini na wanne wakawa hawana mikono wala miguu, macho tu. Na macho yote, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyoonekana, yakamwendea Waziri. Aliyekutwa na kipande kizuri ndiye yeye. Aliyekuwa na kibovu ndiye yeye.

"Mimi nilikwenda kula!" akasema. "Waulizeni! Nilikuwa kwenye foleni!"

"Foleni ya chakula ina mwisho," nikasema. Sijui nani alilisema hilo kwa mdomo wangu. "Mtu anaweza kula haraka akarudi. Na wote tunajua nani alikuwa anajua chake ni kibovu."

"Dada, wallahi..."

"Usiniite dada."

Alinitazama. Nilikuwa nimezoea jicho la Waziri la kunionea huruma; hili lilikuwa jicho la mtoto aliyepotea sokoni. Nikaona kwamba kurudia mwaka kwake si hadithi, ni mwaka wenyewe, na huenda kwao nako kuna mjomba na kuna gazeti lililofungiwa kitu. Nilitaka kusema. Naapa nilikuwa karibu kusema. Nilikuwa natafuta tu namna ya kulisema ambayo isingenihusu mimi.

"Binti," Milimita akaniuliza taratibu, "una uhakika ni yeye?"

"Mwalimu, mimi nasema ninachokijua. Muda wa chakula humu ndani hapakuwa na mtu. Hata mmoja. Ndiyo maana alipata nafasi."

"Umejuaje hapakuwa na mtu?"

"Kwa sababu nilichungu..."

Neno likakatikia katikati kama kidole kilichobanwa na mlango. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa juhudi kubwa, nikitumaini kikohozi kitageuka ugonjwa.

Hapo ndipo mkono ukainuka nyuma. Mkono mfupi, mikunjo ya ovaroli imeteremka mpaka kwenye vidole. Rafiki yangu, mwenzangu wa chumba, tunayegawana naye sabuni.

"Nilikuwepo mimi," akasema Nukta.

Watu wakapisha ili waone nani anaongea. Nusu yao walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake.

"Nilikuwa nimelala nyuma ya mashine ya kutoboa. Jana alinikeshesha anaongea, nilikuwa na usingizi. Nikaamshwa na wimbo."

"Wimbo gani?" Milimita akauliza.

"Wake. Alikuwa anaimba, anacheza katikati ya meza, ameshika vipande viwili kama manyanga. Alibadilisha yeye, mwalimu. Waziri hakuwepo." Nukta akanitazama, siyo kwa ubaya, kwa kuchoka tu, kama anavyonitazama ninapomwambia azime taa ilhali swichi iko upande wangu. "Halafu akakibusu kile cha Waziri."

Uso ulinichemka kiasi kwamba ungeweza kuchomelea chuma. Waziri alikuwa ananiangalia mdomo wazi.

Milimita akavaa miwani yake, akafungua daftari, akachukua kalamu.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili," akasema Nukta.